Ugoko Hauna Nyama

Paja limejaa misuli, na mkono juu ya kiwiko una nyama pande zote. Ugoko umeachwa uchi. Kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo, upande wa mbele na wa ndani, mfupa umelala moja kwa moja chini ya ngozi, na yeyote anaweza kuufuata kwa kidole mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana ajali ya pikipiki ikivunja mguu, mara nyingi huvunja na kuchana kwa pamoja, mfupa ukatokeza nje. Na mfupa ukishanyooshwa na kushikizwa kwa vyuma, hubaki kazi ambayo huwatesa wagonjwa kuliko ule mvunjiko wenyewe: kuufunika.

Muuguzi anayesimuliwa hapa alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kwenye wodi ya mifupa ya hospitali moja ya mkoa nchini Tanzania. Sasa amestaafu. Wagonjwa walimwita Sista, kama wanavyoitwa wauguzi wengi, na hapa ataitwa hivyo hivyo. Alipoanza, vitanda vilikuwa vya watu walioanguka kutoka kwenye miembe na waliogongwa na malori. Alipoondoka, vilikuwa vya vijana wa bodaboda. Hakuwahi kushika kisu cha upasuaji. Hata hivyo, ukimsikiliza akisimulia miguu aliyoiuguza, unaelewa kwamba mguu huokolewa au kupotea zaidi kabla ya kuingia thieta na baada ya kutoka kuliko ndani ya thieta yenyewe.

Swali aliloulizwa na ndugu wa wagonjwa mara nyingi kuliko yote ni kwa nini kidonda kisipandikizwe ngozi tu, yakaisha. Ngozi ya kupandikiza hukwanguliwa nyembamba, kwa kawaida kutoka pajani, na haina damu yake. Siku za mwanzo huishi kwa unyevu wa mahali ilipolazwa, kisha mishipa midogo huchipua kutoka chini na kuingia ndani yake. Juu ya nyama nyekundu hushika vizuri. Juu ya mfupa uliochunika utando wake, au kano iliyo wazi, haina pa kunywa. Hukauka na kubanduka. Hapo ndipo madaktari hutumia flapu, yaani kipande cha ngozi au cha msuli kinachoinuliwa kikiwa bado kimeshikana na mishipa yake ya damu, kikageuzwa na kulazwa juu ya kidonda. Sista alikuwa na namna yake ya kuwaeleza: ngozi ya kupandikiza ni mgeni anayetegemea chungu cha mwenyeji, flapu ni mgeni aliyekuja na chakula chake. Basi mwenyeji akiwa hana kitu, unamwalika yupi?

Madaktari wa mifupa huugawa ugoko katika sehemu tatu. Sehemu ya juu, karibu na goti, hufunikwa kwa msuli mkubwa wa shavu la mguu. Msuli huo una vichwa viwili, na kila kimoja kina mshipa wake mkuu unaotoka nyuma ya goti, kwa hiyo kichwa kimoja kinaweza kugeuzwa kuja mbele na mtu akaendelea kutembea kwa kutumia kile kilichobaki na msuli ulio chini yake. Sehemu ya kati hufunikwa kwa msuli huo wa chini. Msuli ukishalazwa juu ya mfupa, hupandikizwa ngozi nyembamba juu yake. Balaa liko sehemu ya chini, kuelekea kifundo na kisigino, ambako misuli imekwisha na kumebaki kano tupu. Vidonda vya huko ndivyo vilivyomfanya Sista akeshe.

Dunia imehangaika na tatizo hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1854 daktari wa Marekani, Frank Hamilton, alieleza jinsi alivyofunika kidonda cha mguu mmoja kwa nyama ya mguu wa pili: miguu ikafungwa pamoja hadi kipande kiliposhika, kisha kikakatwa kutoka kule kilikotoka. Njia hiyo ya kale haijafa. Sista aliiona akiwa bado mwanafunzi wa uuguzi. Mgonjwa alilala takriban wiki tatu miguu yake ikiwa imeshonwa na kufungwa vyuma pamoja, na kazi ya wauguzi na mkewe ilikuwa kumgeuza, kumwogesha, kumsafisha na kumzuia asivute mguu akiwa usingizini. Flapu ilishika. Magoti na nyonga zilikuwa zimekakamaa kiasi kwamba mazoezi ya kuzinyoosha yalichukua muda mrefu kuliko vile vifungo vyenyewe.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Uingereza, alishona kingo za flapu zikakutana na kuwa mrija, ili nyama isafirishwe hatua kwa hatua bila kuoza. Huko Odessa, Vladimir Filatov alikuwa amefika kwenye wazo hilo hilo kivyake. Kisha mwaka 1981 daktari wa Sweden, Bengt Pontén, akaonyesha kwamba ngozi ya mguu ikiinuliwa pamoja na ule utando mgumu unaofunika misuli, hupata damu ya kutosha kuishi ikiwa ndefu kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1992 Mfaransa Alain Masquelet na wenzake wakaandika kuhusu flapu zinazolishwa na mishipa midogo inayofuatana na neva za ngozi. Kutokana na kazi hiyo ikaenea flapu ya nyuma ya shavu la mguu. Kipande huinuliwa nyuma ya mguu, kikapinduliwa kichwa chini, na kulishwa na mishipa midogo inayotokeza nje ya mguu takriban sentimita 5 juu ya kifundo. Damu ndani yake hutiririka kinyume cha njia yake ya siku zote. Haihitaji darubini ya upasuaji. Inahitaji daktari anayeijua ramani, mikono mitulivu, na wodi inayojua kuangalia.

Maneno hayo ya mwisho, kuhusu wodi, ndiyo Sista angependa yasomwe mara mbili.

Katika wagonjwa anaowakumbuka yumo binti mwanafunzi wa sekondari ambaye mguu wake ulinaswa kwenye spoki za gurudumu la nyuma la pikipiki. Ngozi ya kisigino ilichunika hadi kano kubwa ya nyuma ikawa wazi. Alifanyiwa flapu hiyo ya kupinduliwa, akarudi wodini mchana akiwa na joto zuri kwenye kile kipande. Usiku wa pili kikaanza kubadilika rangi.

Vitabu vilivyomfundisha Sista vilisema flapu nzima ni ya waridi na flapu iliyo hatarini ni ya zambarau. Picha zake zilikuwa za miguu ya Wazungu. Kwenye ngozi nyeusi zambarau hujificha, na muuguzi anayesubiri kuiona waziwazi atakuwa amechelewa. Kwa hiyo alijifunza kuangalia kingo palipokatwa, kugusa kwa mgongo wa mkono na kulinganisha joto la flapu na la ngozi ya jirani, kubonyeza kwa kidole na kuhesabu damu inarudi kwa muda gani. Sekunde mbili hivi ni kawaida. Ikichelewa sana na kipande kikawa baridi, damu haiingii. Ikirudi kwa haraka ya ajabu na kipande kikavimba, damu inaingia lakini haitoki, na hili la pili ndilo linaloipata zaidi flapu ile. Akiwa na shaka alimwita daktari achome kwa ncha ya sindano: tone jekundu ni habari njema, tone jeusi linamaanisha damu imetuama.

Usiku ule damu ilikuwa imetuama. Mguu ulikuwa umevimba ndani ya bandeji, na binti alikuwa amegeuka usingizini, shina la flapu likalaliwa na kugandamizwa na mto. Sista aliikata bandeji yote, akauinua mguu, akapanga mito upya kisigino kikae hewani bila kugusa kitu, kisha akampigia daktari. Daktari alikuja akafungua baadhi ya nyuzi za kwenye shina. Damu nyeusi ilitoka kwanza, halafu ikaja nyekundu. Asubuhi flapu ilikuwa hai, isipokuwa ukingo mdogo ambao baadaye ulikauka na kupona wenyewe. Hakukuwa na mashine yoyote katika shughuli hiyo. Kulikuwa na mkasi, mito, simu, na mtu aliyekuwa macho saa nane za usiku.

Hilo la mtu kuwa macho lina gharama. Flapu hukaguliwa kila saa katika siku ya kwanza, na kwa uangalifu wa karibu siku kadhaa zinazofuata. Wodi yenye muuguzi mmoja wa usiku kwa wagonjwa tele haiwezi kufanya hivyo, hata daktari awe hodari vipi. Sista aliziba pengo kwa kuwafundisha ndugu. Mama wa yule binti alijua kubonyeza na kuhesabu, na alikuja kumwamsha muuguzi usiku uliofuata kwa wasiwasi ambao haukuwa na sababu. Alipokewa kwa shukrani, kwa sababu anayekaripiwa leo kwa kuamsha bure kesho hatathubutu kuamsha kukiwa na hatari ya kweli.

Baba alikuwa na wasiwasi mwingine. Nyuma ya mguu, pale nyama ilipotolewa, pamebaki bonde lililozibwa kwa ngozi ya kupandikiza, na kisigino kimekuwa kinene. Siku ya kufunguliwa kidonda aliuliza, “Sista, sasa na hilo bonde, ataolewaje?” Mkewe akajibu kabla ya muuguzi, “Baba, atembee kwanza.” Wote wawili walikuwa na haki ya kusikilizwa. Flapu hii huacha kovu linaloonekana, na kwa kuwa neva ya ngozi hukatwa, ukingo wa nje wa wayo hubaki na ganzi. Unene unaweza kupunguzwa baadaye kwa upasuaji mdogo. Mambo haya yalipaswa kusemwa kabla ya sahihi ya ridhaa, na tangu hapo Sista aliyasema mwenyewe, kwa Kiswahili chepesi, akionyesha kwenye mguu wake.

Kuna kijana wa bodaboda ambaye hadithi yake ilianzia mbali na hospitali. Aligongwa na Fuso, mfupa ukatoka. Familia ikampeleka kwa fundi wa mifupa, mguu ukafungwa kwa vijiti na majani. Alipoletwa, wiki zilikuwa zimepita na mfupa uliokuwa wazi umekauka na kuwa wa kijivu. Mfupa wa namna hiyo haufunikwi. Nyama nzuri ikilazwa juu yake huzika usaha. Madaktari walilazimika kuukata hadi walipofika palipotoa damu, na kijana akakaa na vyuma miezi mingi akisubiri pengo lijazwe. Sista hakuwahi kuwatukana mafundi wa mifupa. Yule fundi alikuwa jirani, alipokea malipo kidogo kidogo, na alikaa chini kuzungumza na wazazi. Hospitali ingefanya vyema kujifunza mambo hayo matatu kwake. Alichofanya Sista ni kwenda kuongea kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye mikutano ya kanisa, akiwa na ujumbe mmoja tu: mfupa ulioona jua uende hospitali siku hiyo hiyo.

Haraka hiyo ina ushahidi. Marko Godina, daktari wa upasuaji wa Ljubljana, aliwafuatilia wagonjwa 532 waliofunikwa vidonda vya miguu na mikono kwa nyama iliyohamishwa kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuunganishwa mishipa chini ya darubini. Waliofunikwa ndani ya saa 72 tangu kuumia, flapu zilizokufa hazikufika asilimia 1. Waliofunikwa kati ya saa 72 na miezi mitatu, zilikufa asilimia 12, na maambukizi yakapanda kutoka asilimia 1.5 hadi 17.5. Godina alifariki katika ajali ya gari mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 43, na makala yake ikachapishwa mwaka huo huo baada ya kifo chake. Uingereza leo huelekeza kwamba mvunjiko wa wazi wa ugoko ufunikwe ndani ya saa hizo hizo 72. Katika mkoa ambako gari la wagonjwa lenyewe linasubiri mafuta, saa 72 ni ndoto. Lakini saa ya kwanza haihitaji mtaalamu. Sindano ya dawa ya kuua bakteria, chanjo ya pepopunda, kitambaa safi chenye maji ya chumvi juu ya mfupa usikauke, mguu kunyooshwa na kushikizwa: haya yote kituo cha afya kinaweza.

Hata kusafisha kidonda ni rahisi kuliko wengi walivyoaminishwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 2,400 wa mivunjiko ya wazi katika nchi tano, India ikiwemo, ulilinganisha maji ya chumvi na maji ya sabuni, na mgandamizo mkubwa wa mashine na ule mdogo wa kuning’iniza chupa. Mgandamizo haukuleta tofauti. Sabuni ilikuwa mbaya zaidi: waliosafishwa kwayo walirudishwa thieta asilimia 14.8, wa maji ya chumvi asilimia 11.6. Kwa hospitali isiyo na mashine ya bei kubwa, hiyo ni habari ya kutundikwa ukutani. Yanahitajika maji mengi, lita 9 kwa jeraha baya ndiyo mazoea ya madaktari wengi, na mtu mwenye subira ya kukata kila nyama iliyokufa.

Si kila mguu unapaswa kuokolewa, na Sista alikuwa wazi juu ya hilo kuliko madaktari vijana. Anamkumbuka fundi mwashi aliyeangukiwa na ukuta, neva zimesagika, wayo hauna hisia. Wamarekani walifuatilia wagonjwa 569 wa majeraha mabaya ya miguu katika vituo vinane na kutoa matokeo mwaka 2002: baada ya miaka miwili, waliokatwa na waliookolewa mguu walikuwa na hali inayokaribiana ya maisha, ingawa waliookolewa walirudishwa hospitali mara nyingi zaidi. Matokeo hayo hayahamishiki kirahisi kijijini, kwa kuwa mguu wa bandia unahitaji kutengenezwa, kurekebishwa na kubadilishwa. Afrika Mashariki ina bahati ya kuwa na chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, TATCOT cha Moshi, kilichoanza mwaka 1981, ila kutoka Moshi hadi kwa mwashi huyo, kusini mwa nchi, ni mwendo wa siku nzima au zaidi. Mwashi alielezwa njia zote mbili mapema, kabla ng’ombe hawajauzwa, akachagua kukatwa. Alirudi kazini akipiga plasta kuta za chini akiwa ameketi. Wapo waliochagua kuokoa mguu wakakaa hospitali hadi shamba likaisha, na hakuna aliyekuwa amewaambia mwanzoni itachukua muda gani.

Mambo madogo nayo yaliua flapu. Sigara hubana mishipa midogo, na vijana walivuta chooni usiku. Amri haikusaidia, kilichosaidia ni Sista kumwonyesha mmoja wao kingo za flapu yake zilizoanza kuwa nyeusi na kumwambia sababu. Chakula vilevile. Wageni walileta soda na biskuti kwa mapenzi mema, akawaomba walete mayai, dagaa na maharage.

Afrika Mashariki haikuanza jana katika kazi hii. Shirika linaloitwa leo Amref lilizaliwa mwaka 1957 kutokana na mipango ya madaktari watatu waliokutana chini ya Mlima Kilimanjaro: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile, na McIndoe alikuwa ndugu na mwanafunzi wa yule Gillies. Waliona watu wakilemaa kwa majeraha na kuungua kwa sababu daktari yuko mbali, wakaamua daktari apande ndege. Ndege zimesaidia mno. Lakini mtaalamu akiruka kurudi Nairobi jioni, flapu hubaki na muuguzi wa usiku.

Kinachotia moyo ni kwamba sasa ujuzi wenyewe unashushwa. Madaktari wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wameanzisha kozi fupi za kuwafundisha wapasuaji wa mifupa flapu za shavu la mguu, zile zisizohitaji darubini, na kozi hizo zimefundishwa Dar es Salaam pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Ni njia sahihi. Mpasuaji wa mifupa tayari yuko mkoani. Kumwongezea flapu tatu au nne ni rahisi kuliko kumsubiri bingwa wa upasuaji rekebishi ahamie huko. Kilichosahaulika ni kiti cha muuguzi katika darasa hilo.

Na kuna karatasi. Fomu ya rufaa aliyoizoea Sista ilikuwa na nafasi ya jina, umri, kijiji na ugonjwa. Haikuuliza mguu uliumia saa ngapi, sindano ya kwanza ya dawa ilichomwa saa ngapi, mfupa unaonekana au hauonekani, mapigo ya damu ya wayo yapo au hayapo. Yeye aliyaandika pembeni kwa kalamu, na kabla gari halijaondoka alipiga simu kule linakokwenda ayasome kwa sauti. Daktari anayepokea akijua hayo, anajua kama aite timu usiku huo au aandike jina kwenye orodha ya kesho, kama aandae thieta kwa kusafisha au kwa kufunika, na kama mguu usio na mapigo umebakiwa na saa ngapi. Maswali manne tu, yanayotosha kwenye mstari mmoja. Wakuu wa hospitali wanaweza kuyachapisha kwenye fomu wiki hii, na hakuna mfadhili anayehitajika.